Hakuna Aliyezoea Kuzaa

Mwanamke wa Kibagabaga akibeba mimba ya kwanza, mtaa mzima hugeuka mkunga. Mama yake hupanda basi kutoka Rwamagana kuja kukaa naye mwezi mzima. Mama mkwe hutuma unga wa mtama wa kupikia igikoma, uji wa mzazi. Wifi humsindikiza kliniki, mume hulala na simu kiganjani, na wenzake wa kanisani au msikitini huanza kuchangishana miezi miwili kabla. Uchungu ukianza usiku wa manane, majirani hugombania nani atoe gari.

Mimba ya sita haina shamrashamra hizo. Mama anauliza kwa simu kama mambo ni shwari. Mume anaomba ajulishwe mtoto akishazaliwa. Wifi ana shughuli zake. Mjamzito mwenyewe, wiki ile ile anayotarajiwa kujifungua, yuko soko la Kimironko akipimiwa maharage, na akiulizwa hali yake anacheka: huyu atatoka tu, njia imeshafunguka.

Imani hiyo imetapakaa. Husikika Kigali, Tanga, Kisumu na Bukavu, tena hutamkwa kama sifa: fulani ni mkongwe wa uzazi, kuzaa kwake ni kama kupiga chafya. Maana yake ni kwamba mwili wa mama wa watoto wengi umeshajifunza kazi, na kwamba uzazi wa sita ni marudio ya ule wa kwanza, hofu tu ndiyo imepungua. Kutokana na imani hiyo hufuata uamuzi ambao hakuna anayekaa kikao kuupitisha: mama huyu anaweza kungoja, anaweza kwenda peke yake, anaweza kurudi jikoni kesho yake. Imani ni ya uongo, na uamuzi unaotokana nayo unaua.

Haki yake nayo ipewe. Uchungu wa mimba za baadaye kwa kawaida ni mfupi. Mlango wa kizazi hufunguka upesi, njia imeshatanuka, na mama anajua lini asukume na lini avute pumzi. Kifafa cha mimba huwaandama zaidi walio na mimba ya kwanza, na nyonga iliyo nyembamba kwa mtoto mara nyingi hugundulika kwenye uzazi huo huo wa mwanzo. Mkunga yeyote atakiri kwamba kumzalisha mama wa mtoto wa tatu ni kazi nyepesi kuliko kumzalisha msichana anayeanza. Kosa la imani hii ni kwamba imeuchukua ukweli wa uzazi wa pili na wa tatu, ikauburuta hadi wa sita na wa nane, ambako hesabu inageuka.

Inageuka kwa sababu ya misuli. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Mtoto akishatoka, kondo la nyuma hubanduka na kuacha jeraha pana, mishipa ikiwa wazi. Hakuna uzi wala bandeji ya kuifunga. Kazi hiyo hufanywa na mfuko wenyewe: nyuzi zake za misuli zimepishana huku na huku, na mishipa ya damu inapita katikati yake, hivyo nyuzi zikijikaza kila mshipa hubanwa. Mfuko ukijikaza vizuri, mama anaomba chai. Ukilegea, damu hiyo inamwagika, na mtu aliyekuwa akizungumza anaweza kupoteza fahamu kabla mwenzake hajarudi na beseni la maji. Kulegea kwa mfuko ndiko chanzo cha takriban visa saba katika kila kumi vya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

Mfuko uliotanuka na kurudi mara tano au sita una uwezekano mkubwa zaidi wa kulegea. Ukuta wa tumbo nao umelegea, kwa hiyo mtoto hupata nafasi ya kulala kimshazari au kutanguliza mkono badala ya kichwa. Kondo la nyuma huweza kujishika chini, juu ya mlango wa kizazi, na kuziba njia. Kama katika mimba hizo mama aliwahi kupasuliwa, kuna kovu ambalo linaweza kuachia wakati wa uchungu. Na kama watoto wamefuatana karibu karibu, damu yake yenyewe ni pungufu, madini ya chuma yamekwisha, kwa hiyo kiasi cha damu ambacho mwenzake angekipoteza na kusimama kinamlaza yeye. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na upungufu huo wa damu ni sababu mojawapo.

Dalili moja inajulikana na kila mkunga, ingawa ukoo hauitilii maanani. Maumivu ya tumbo yanayokuja baada ya mtoto kutoka, mfuko unapojikaza ili urudi mahali pake, huzidi kadiri mama anavyozaa. Mwenye mtoto wa kwanza huenda asiyasikie kabisa. Mwenye mtoto wa sita hung'ata kitenge anaponyonyesha, kwa sababu kunyonyesha ndiko kunakoamsha mkazo ule. Kama mwili ungekuwa umezoea, maumivu hayo yangepungua.

Madaktari nao walichelewa kuliona jambo hili. Mwaka 1934 Bethel Solomons, daktari wa Ireland aliyewahi kuiongoza hospitali ya uzazi ya Rotunda jijini Dublin na kuichezea timu ya raga ya taifa lake, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu hatari za mama aliyezaa mara nyingi. Kichwa cha makala yake alikichagua makusudi kiwe cha kushtua. Shabaha yake ilikuwa imani hii hii: kwamba mimba ya kwanza ndiyo ngumu na zinazofuata ni mteremko. Tafiti za baadaye zimeongeza jambo moja muhimu. Katika hospitali zenye damu ya kuongezea, chumba cha upasuaji na wakunga wa kutosha, pengo kati ya mama huyo na wenzake hupungua sana. Kwa hiyo hatari hii si majaliwa. Hupungua pale anapohudumiwa mapema, na hupanda pale anapoachwa kwa sababu eti ameshazoea.

Anayedhani kwamba mali na watumishi vinatosha amkumbuke Mumtaz Mahal. Mke huyu wa mfalme Shah Jahan wa India alikuwa ameshazaa watoto 13. Juni 1631, huko Burhanpur, alipata uchungu wa mtoto wa 14, uchungu mrefu, na akafa baada ya kujifungua. Hakukosa waganga, wakunga wala vijakazi, na uzoefu wa uzazi alikuwa nao tele. Watalii wanaopiga picha mbele ya Taj Mahal wanapiga picha kaburi la mama aliyefia kwenye uzazi wa 14.

Kutoka Burhanpur turudi Rwanda, ambako takwimu zenyewe zinaibishia imani. Utafiti wa hali ya watu na afya wa mwaka 2000 ulikadiria vifo vya uzazi 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2019-20 ulikadiria 203. Katika muda huo huo wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka takriban 27% hadi 93%. Nchi haikufika hapo kwa kutegemea uzoefu wa kina mama. Kama uzoefu ungekuwa kinga, Rwanda ya zamani ingekuwa salama kuliko zote: utafiti wa 1983 ulikuta wastani wa watoto 8.5 kwa kila mwanamke, na hadi leo Kigali imejaa watu wazima waitwao Nyandwi na Minani, majina ya mtoto wa saba na wa nane. Kilichookoa watu ni bima ya afya ya mutuelle, wakunga waliosomea, magari ya wagonjwa, na abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wa kujitolea ambao kila kijiji kina wake wa kufuatilia wajawazito. Tangu 2009, kuanzia wilaya ya Musanze, wahudumu hao walianza kutuma taarifa za kila mimba kwa ujumbe wa simu.

Takwimu ya mwaka 2000 inafaa kufanyiwa hesabu ya shule ya msingi. Vifo 1,071 kwa uzazi 100,000 ni kama kifo kimoja kwa kila uzazi 93. Mwanamke aliyeikabili hatari hiyo mara sita alikuwa na uwezekano wa karibu mmoja katika 16 wa kufa kwa uzazi. Kila mimba ilileta hatari yake kamili na kuiongeza juu ya zile zilizotangulia, hata kabla ya kuhesabu umri, upungufu wa damu na mfuko uliochoka.

Hapa ndipo bibi huingizwa kwenye mjadala. Bibi alizaa tisa, wengine shambani, na mpaka leo anachuma maharage mwenyewe. Ni kweli, na Mungu amzidishie. Lakini bibi anayesimulia ni yule aliyebaki. Mwenzake aliyeolewa mwaka ule ule, aliyemwaga damu kwenye uzazi wa saba, hana wajukuu wa kuwahadithia, na watoto wake walilelewa na mke wa pili ambaye hakutaka jina la marehemu litajwe mbele yake. Ushahidi wa wazee katika jambo hili umechujwa na kifo.

Katika mitaa ya Gasabo, wilaya yenye watu zaidi ya laki nane na nusu kwa sensa ya 2022, njia ya mjamzito inaeleweka. Huanzia kituo cha afya cha sekta yake, kama kile cha Kimironko, ambako wakunga na wauguzi huzalisha wasio na tatizo. Penye tatizo, karatasi ya rufaa huandikwa na mama hupelekwa hospitali, ambayo kwa wengi wa upande huu ni Kibagabaga, kwenye chumba cha upasuaji. Utaratibu huu ni mzuri, lakini unadai muda. Mama anayeanza uchungu wa kwanza huwa na saa nyingi mkononi: akikosea akafika mapema, anarudishwa nyumbani, akichelewa, bado anafika. Mama wa mtoto wa sita hana saa hizo. Ule ufupi wa uchungu anaosifiwa ndio unaomnyang'anya muda. Akisubiri mpaka awe na hakika, amalize kufua, ampikie mume, atafute wa kumwachia wadogo, atajikuta anapanda pikipiki ya abiria huku kichwa cha mtoto kimeshashuka. Atajifungulia njiani au mlangoni, na damu ikianza kumwagika, hakuna aliyemwekea hata mrija wa maji ya mshipa.

Na wengi huchelewa kliniki kabla ya kuchelewa kwenye uchungu. Katika utafiti wa 2019-20, ni 47% tu ya waliojifungua Rwanda waliokuwa wamehudhuria kliniki mara nne au zaidi. Tafiti za aina hiyo katika nchi nyingi za Afrika zinaonyesha mwelekeo ule ule: mwenye mimba ya kwanza huwahi, na kadiri idadi ya watoto inavyopanda, mahudhurio yanashuka na kujifungulia nyumbani kunaongezeka. Wanaohitaji zaidi kupimwa damu, kuguswa tumbo na kuulizwa kuhusu kovu la upasuaji ndio wanaopimwa kidogo zaidi.

Imani hii haikomei kwa mashemeji na majirani. Huvaa pia koti jeupe. Katika wodi yenye kelele, jicho la muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi huenda kwa anayepiga mayowe, na anayepiga mayowe kwa kawaida ndiye anayezaa kwa mara ya kwanza. Mkongwe amelala kimya ukutani, anajifunika, hasumbui mtu. Damu inayochuruzika kidogo kidogo ndani ya kitenge hukadiriwa kwa macho, na macho hukadiria pungufu.

Kuna dawa ya ukadiriaji huo, na ni ya bei nafuu. Jaribio kubwa lililoitwa E-MOTIVE, lililochapishwa mwaka 2023 baada ya kufanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, lilitumia karatasi ya plastiki inayotandikwa chini ya mzazi, yenye mfuko wa kukinga damu na mistari ya vipimo. Mkunga haulizwi anaonaje; anasoma mstari. Damu ikivuka kiwango, mambo matano hufanywa kwa pamoja bila kungojana: kuukanda mfuko wa uzazi, kumpa mama dawa ya kuukaza, kumpa asidi ya traneksamiki ya kulinda damu iliyoganda isiyeyuke, kumwekea maji ya mshipa, na kumkagua kutafuta chanzo. Visa vya damu kutoka kupita kiasi, pamoja na upasuaji wa dharura na vifo vitokanavyo, vilipungua kwa 60%. Siri ya mafanikio yale ni kwamba karatasi haijui mama amezaa mara ngapi. Humpima kila mmoja sawa.

Turudi nyumbani, kwenye familia kubwa yenyewe, maana hapo imani ina tawi lake la pili. Inasemwa kwamba mtoto anayezaliwa penye watoto wengi hupokewa na mikono mingi. Mikono hiyo na ihesabiwe. Katika kaya ya Kigali yenye watoto watano, wawili wa mwisho bado wanabebwa au kuvishwa viatu. Wa kati yuko shule ya msingi. Wawili wakubwa ndio mikono inayosemwa, na kwa kawaida mkono mmoja ni wa binti wa miaka 12 anayechota maji, anayepika, anayembeleza kichanga, na anayefika darasani amesinzia. Ukoo mpana uko kwenye simu. Nyumba ni ya kupanga, ina vyumba viwili, na hata shangazi angetaka kuja, hana pa kulala.

Rwanda ina sababu yake ya ziada, na haifai kuipita kimya. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliondoka na mama, shangazi na dada wakubwa, wale wale ambao mila iliwakabidhi kazi ya kumkalia mzazi. Wanawake waliokuwa watoto wakati ule sasa ni mama, na wengi wao wamezaa bila mtu wa upande wao wa kuwaletea chupa ya uji. Baadhi walizaa watoto wengi makusudi, ili jina la nyumba lisifutike. Kumwambia mwanamke wa aina hiyo kwamba ana ukoo wa kumsaidia ni kumkejeli.

Mila yenyewe ilikuwa na busara kuliko mtaa wa leo. Rwanda ya jadi ilimpa mzazi ikiriri, kitanda cha uzazi, ambako alipumzika na mtoto mpaka siku ya nane. Siku hiyo watoto wa jirani waliitwa, wakapewa vijembe, wakalima kijisehemu cha ardhi kwa mzaha wa kazi, wakarudi kula, na kila mmoja akamtajia mgeni jina. Ndiko kwita izina. Pwani ya Waswahili ilikwenda mbali zaidi ikaweka arobaini: mzazi hukandwa, hufungwa tumbo, hupikiwa uji wa pilipili manga, na halazimiki kushika kazi mpaka siku hizo zitimie. Mila hizi zilihesabu siku tangu kujifungua, na mzazi wa mtoto wa tisa alipata siku zake kama alivyopata wa kwanza. Leo kwita izina inayojulikana duniani ni ile ya sokwe wa milimani, iliyoanza mwaka 2005, ambapo umati hukusanyika chini ya milima ya Volkeno kuwapa majina watoto wa sokwe. Hakuna mgeni rasmi anayeuliza kama sokwe jike ameshazaa mara nne. Mama wa sita wa Kibagabaga anapata ujumbe wa simu wenye picha ya ua.

Sheria nazo zimechukua pande. Rwanda mwaka 2023 iliongeza likizo ya uzazi kutoka wiki 12 hadi 14, na ya baba kutoka siku nne hadi saba za kazi, bila kuuliza mtoto ni wa ngapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimwekea mwajiri wajibu wa kutoa likizo ya uzazi yenye malipo kwa vipindi vinne tu. Anayetaka kuona imani ya mtaani ikiwa imeandikwa kwa vifungu asome hapo: mwili unaozaa mara ya tano unahesabiwa kuwa haustahili mapumziko yenye malipo, wakati ndio unaoyahitaji kupita yote.

Wapinzani wa hoja hii hawatakosekana. Wa kwanza atasema ni kampeni ya kuwapunguzia watu uzazi. Hapana. Idadi ya watoto ni shauri la wenye nyumba, na familia inayotaka wanane isitukanwe. Lakini anayetaka wanane anahitaji mama awe hai baada ya wa nane. Wa pili atasema kuwatisha wajawazito ni dhambi. Mama aliyezaa mara tano amekwisha kuona mengi kuliko anayemwonea huruma. Akielezwa kwamba mfuko wake unaweza kulegea na kwamba sindano ya dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka huukaza, hataogopa, ataiulizia.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Wakunga ni wachache na vitanda ni vichache, kwa nini wasipewe wanaoanza? Uchache ni wa kweli: mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda ilianzisha mpango iliouita 4x4, wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne, na serikali haianzishi mpango wa namna hiyo kama wahudumu wanatosha. Lakini penye uchache ndipo pa kuchagua kwa hesabu. Mama wa sita anayewekewa mrija wa maji mapema na damu yake kuwekwa tayari hutumia dakika chache za muuguzi. Mama huyo huyo akifikishwa amezimia, hutumia timu nzima, chumba cha upasuaji na chupa kadhaa za damu. Rwanda inajua thamani ya damu hiyo: tangu Oktoba 2016 droni za Zipline zinaipeleka kwa njia ya anga hadi hospitali za mbali, kwa sababu kungoja gari kulikuwa kukigharimu maisha.

Fedha nazo zitajwe, maana familia kubwa hulipa zaidi kwa kila kitu. Mchango wa mutuelle hutozwa kwa kichwa, na kwa kaya nyingi umewahi kuwa faranga 3,000 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, kaya ya watu wanane ilitafuta faranga 24,000 kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa bima unapoanza. Ukoo uliozoea kununua nguo za kifungua mimba ungefanya la maana zaidi kama ungelipa bima ya nyumba anamokuja mtoto wa sita. Nguo anazo tayari, za kaka zake.

Yanayotakiwa hayahitaji jengo jipya. Kituo cha afya kimuulize kila mjamzito amezaa mara ngapi, na jibu likiwa tano au zaidi, kadi yake iwekwe alama na mpango wa kujifungulia hospitalini, penye damu na upasuaji, ujadiliwe naye mapema. Mhudumu wa afya wa kijiji aanze ziara zake kwa hao kabla ya wenye mimba ya kwanza. Mama aende mapema, uchungu ukiwa bado wa kubahatisha, hata kama atarudishwa. Baba atumie siku zake saba nyumbani akifua na kupika, maana hizo ndizo ilizompa sheria. Binti wa miaka 12 abaki shuleni. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya vifo vya kutokwa na damu hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, awepo mtu mzima mmoja aliyekubali kukaa naye muda huo wote, anayejua kwamba kitenge kikilowa tena muda mfupi baada ya kubadilishwa anamwita muuguzi papo hapo. Jina la mtu huyo liandikwe kwenye kadi ya kliniki mimba ikifika mwezi wa saba, pamoja na namba yake ya simu na 912, namba ya gari la wagonjwa.